Baba, Kunywa Uji

Wote waliotangulia kutoa ushuhuda hapa mbele wameanza kwa kumsifu Mungu, nami nilikuwa nimekaa pale benchi la tatu nikijiuliza nitaanzaje. Mnaonijua mnajua kwamba mimi huuliza kila kitu. Hata mchungaji nimemsumbua kwa maswali, naye yuko hapa, ananitazama. Basi niruhusuni nianze na jambo ambalo nina hakika nalo. Kuna mama mmoja aliyefariki, na siku tano kabla hajafariki nilikuwa nimeshika karatasi iliyoniambia kwamba yu mgonjwa. Niliipa alama kumi na saba juu ya ishirini.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilizaliwa upande wa ziwani, nikasomea chuo kikuu Nairobi, halafu nikaletwa kufundisha katika shule moja ya kutwa ya wasichana, upande wa Keumbu. Niliamini kwamba mtu akizijua mbinu za lugha hatadanganywa na yeyote: si mwanasiasa, si tangazo la redio, si mhubiri. Samahani, mchungaji. Nilibandika orodha ya mbinu kwenye ukuta wa darasa na kalamu yangu nyekundu haikupumzika.

"Mama mboga ana ulimi kama wembe," nilikuwa nikiwaambia. "Kuna neno 'kama', basi ni tashbihi. Liondoe. Ulimi wake ni wembe. Sasa ni sitiari. Mabati yanalia mvua ikinyesha? Umeyapa mabati tendo la binadamu, hiyo ni tashihisi. Na ukizungumza na mtu aliyekufa au asiyekuwepo, kana kwamba anakusikia, hiyo ni ritifaa."

Ritifaa niliipenda kuliko zote kwa sababu watahiniwa wengi huikosa.

Wasichana waliniita Madam Mbinu. Nilikuwa nawasikia kwenye foleni ya chakula. Mmoja anasema, "Tumbo linanguruma kama trekta," na mwenzake anamjibu kwa sauti yangu, "Tashbihi, alama moja, songa mbele." Nilicheka nao. Nilijiona nimefaulu.

Jambo moja zaidi mlijue. Shuleni kwetu kilugha, yaani lugha ya nyumbani, kilikatazwa, nami nilikuwa mkali kuliko wenyeji. Nilikaa mwaka mzima hapa bila kujifunza Ekegusii, lugha ya hapa, zaidi ya salamu. Nilijiambia kazi yangu ni Kiswahili sanifu.

Muhula wa pili nikawapa kidato cha pili insha yenye mazungumzo. Nikasisitiza usemi halisi. "Ndani ya alama za usemi," niliwaambia, "nataka maneno yale yale yaliyotoka mdomoni. Msiniongezee, msinipunguzie."

Kulikuwa na msichana mmoja mkimya aliyeketi karibu na dirisha. Wiki zile alikuwa akichelewa, nami nilikuwa nikimsimamisha mlangoni. Katika fomu zake nilikuwa nimesoma kwamba baba yake alishafariki. Insha yake ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Naikumbuka yote, ila nitawasomea kidogo tu.

"Niliketi kando ya kitanda. Nikasema, 'Baba, kunywa uji.' Alifumba macho. Nikasema, 'Baba, leo ni siku ya nne. Nikienda shule nani atakugeuza?' Alinishika mkono, lakini mkono wake ulikuwa moto."

Ndugu zangu, nawaambia, nilisisimka. Kiswahili hakituambii kama anayefumba macho ni mwanamume au mwanamke. Nami nilijua baba yake amekufa. Nikaona mtoto anayezungumza na marehemu. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: Ritifaa! Ufundi mkubwa.

Kesho yake niliisoma mbele ya darasa, kwa sauti ya huzuni niliyoifanyia mazoezi. Darasa lote lilinyamaza, nikadhani ni uzuri wa insha. Msichana wa dawati la mbele akainua mkono.

"Madam, hapo baba si..."

"Mkono chini. Nimeuliza mbinu. Mbinu gani?"

"Ritifaa," wakajibu wote.

Nilimtazama mwenye insha. Midomo yake ilikuwa inasema pamoja nao.

Baada ya kipindi alikuja mlangoni pa chumba cha walimu, ameshika daftari kifuani. "Madam," akasema.

"Nini tena? Si nimekupa kumi na saba?"

Alilitazama daftari lake. "Asante, Madam." Akaenda.

Jumatatu iliyofuata tulitangaziwa gwarideni kwamba mwenzetu amefiwa na mama yake. Mwalimu mwenzangu, mama mtu mzima wa hapa hapa ambaye dawati lake liko karibu na langu, akatikisa kichwa. "Na alikuwa akimuuguza peke yake, maskini."

"Lakini insha yake ilikuwa ya baba," nikasema.

"Insha gani?"

Nikamwonyesha nakala niliyokuwa nimejiandikia ya kufundishia. Alisoma mistari mitatu, akavua miwani.

"Madam," akasema polepole, "kwetu hapa, nyumbani, neno 'baba' ni mama. Mzazi wa kiume ndiye tunamwita tata. Huyu mtoto ameandika vile alivyomwambia mamake."

Vile nilivyomwagiza. Maneno yale yale yaliyotoka mdomoni.

Sitawachosha na miezi iliyofuata. Nilikuwa nikiingia darasani, nikisema "mbinu gani", wanajibu, nami nasikia jibu la siku ile. Nikaacha kuuliza. Kisha nikaacha kusahihisha. Daftari zilirundikana juu ya meza yangu, na kila nilipofungua moja, sentensi ya kawaida kabisa, kama "dada yangu hajarudi kutoka sokoni", ilinisimamisha hapo hapo. Hajarudi kweli? Au ni taharuki? Nilikuwa nimefundishwa kutilia shaka kila kitu, na sasa shaka ikanigeukia. Mwalimu mkuu aliniandikia barua ya onyo, na alikuwa na haki. Nilimuuliza daktari mmoja kama yule mama angepona angefikishwa hospitalini siku ile. Alisema huenda angepona, huenda la. Hiyo "huenda" nalala nayo mpaka leo. Wengine hapa mmesema mmewekwa huru. Mimi sijui neno hilo linamaanisha nini, nami sitalitumia.

Yule mwalimu jirani yangu ndiye aliyenikamata mkono. Msichana alikuwa ameacha shule, amehamia kwa nyanya yake Nyansiongo. "Jumamosi tunaenda," akaniambia. "Utalia ukirudi. Kwanza twende."

Tulimkuta anaosha mikebe ya maziwa karibu na bomba. Hakushangaa kuniona.

"Madam, umekuja kunirudisha?"

"Nimekuja kukuambia kwamba sikuelewa."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Ulipoisoma. Ulitumia sauti ya matanga. Nikajua unadhani ni tata."

"Mbona hukuniambia?"

Alisuuza mkebe, akaugeuza juu chini. "Nilikuja mlangoni. Ukaniambia nimepata kumi na saba." Halafu akaniuliza, bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma: "Madam, kwa nini hukuniuliza tu kama ni kweli?"

Mimi ninayeuliza kila kitu.

Wakati huo nyanya yake akatoka jikoni, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema kitu kwa Ekegusii. Nikasubiri lawama. Mwenzangu akanitafsiria: "Anauliza kama mwalimu amekula."

Mtanicheka, lakini akili yangu ilianza kazi yake pale pale. Ni kinaya? Ni swali la balagha, lile lisilotaka jibu? Nyanya akauliza tena, kwa sauti zaidi, kama mtu anayemsemesha kiziwi. Alitaka kujua kama nimekula. Hakuna zaidi. Nikasema sijakula, na ilikuwa kweli, tangu jana yake. Tukaketi, tukala ugali na mboga za kienyeji, na mle ndani, tonge la tatu au la nne, nikalia mpaka mtoto akaniletea maji.

Yule msichana alirudi shule muhula uliofuata. Nyanya alimtafutia mahali pa kukaa kwa shangazi yake, karibu na shule. Msichana mwenyewe alinipa sharti moja: nisisome tena kazi yake mbele ya watu. Sasa yuko kidato cha nne. Hunisalimu vizuri, kwa heshima, wala hasimami kuongea. Sijui kama amenisamehe. Sitamuuliza, kwa sababu akiulizwa na mwalimu atalazimika kusema ndiyo.

Namshukuru yule mwalimu mwenzangu, aliyesema "kwanza twende". Namshukuru nyanya wa Nyansiongo. Namshukuru msichana wa dawati la mbele, ambaye nilimwomba radhi mbele ya darasa zima. Aliniambia, "Nilidhani unajua, Madam. Wewe hujua kila kitu." Namshukuru pia mchungaji, aliyekubali nisimame hapa bila kuniuliza kwanza naamini nini.

Nyinyi watahiniwa mlioketi nyuma, msiende nyumbani mkasema Madam amewaambia mbinu hazina maana. Zisomeni. Ritifaa itakuja katika mtihani, na marehemu huzungumziwa kweli. Mimi mwenyewe huzungumza na yule mama. Ila jueni kwamba jina la mbinu ni jibu la swali la pili. Swali la kwanza ni: huyu ananiambia nini?

Nanyi walimu wenzangu, nawaambia ninavyofanya. Daftari nalisoma mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Nikiwa na wasiwasi namwita mwenye insha, namuuliza, "Hii ni kweli?" Wengi hucheka. "Aai, Madam, nimebuni tu."

Muhula uliopita mmoja hakucheka. Nikamvutia kiti.