Mmoja Bado Yumo

Kijiwe chenyewe si chochote, ni benchi la mbao chini ya dirisha la ofisi ya wachoraji wa majengo, ila yaliyoamuliwa pale ni mengi kuliko yaliyoamuliwa ndani. Asubuhi hiyo wote walikuwa nje na vikombe vyao vya kahawa, maana Fundi Nyaya alikuwa anaweka toleo jipya la programu ya kuchorea. Amri ilikuwa moja: kila mtu afunge programu, atoke. Programu hiyo inakaa kwenye kompyuta kuu na wote wanaifuata huko kwa mtandao, kwa hiyo akibaki mmoja tu ndani, kazi haianzi. Walifunga wote, isipokuwa Mzee Penseli. Yeye alizima skrini tu, akatoka mikono mfukoni kama mtu asiye na neno. Mara ya mwisho toleo lilipobadilishwa, vitufe vyote vilihama, na mzee wa watu, aliyechora nusu ya nyumba za mtaa ule, alihangaika wiki tatu kutafuta namna ya kupiga mstari ulionyooka. Siku moja alijifungia stoo ya karatasi akalia. Hakuna aliyejua, na aliomba wasijue kamwe.

Fundi Nyaya akatoa kichwa dirishani.

— Jamani, mmoja bado yumo!

— Yumo wapi? — Bwana Paa, mchora mapaa, akahesabu watu kwa kidole. — Si sote hawa hapa?

— Kompyuta kuu inasema mtumiaji mmoja. Jina haitaji. Na skrini zenu zote nyeusi, kila mtu na nenosiri lake, utadhani mnaficha dhahabu.

Kichwa kikarudi ndani. Mzee Penseli akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Ni bosi huyo, — alisema Bwana Paa. — Anatuchungulia kutoka nyumbani.

— Bosi gani? Bosi mwenyewe akitaka kuchapisha barua anaita watu wawili, — Dada Ngazi akamkata. Huyu ndiye anayechora ngazi zote za ofisi, na ulimi wake hauna breki. — Hao ni washindani wetu. Wanaiba ngazi zangu.

— Ngazi zako? Ile ya ghorofa ya pili inayoishia ukutani?

— Lile lilikuwa kosa la vipimo, na tuliyamaliza!

— Basi mimi nawaambieni ukweli, — Bwana Paa akashusha sauti. — Programu imetuzoea. Miaka yote inatuangalia tunachora, sasa inachora yenyewe. Subirini, mwisho wa mwezi itaomba likizo.

— Likizo ya uzazi, labda, — Dada Ngazi akadakia. — Ndiyo maana lipo toleo jipya.

Benchi likatikisika kwa kicheko. Mzee Penseli akaona hapa asipotia neno, wataanza kumtazama.

— Mimi nadhani ni panya, — alisema.

— Panya, Mzee?

— Amelala juu ya vitufe. Nilimwona juzi.

— Mkubwa?

— Wa wastani.

— Basi huyo ameshachora zahanati nzima, — alisema Dada Ngazi. — Na milango yake yote ya kupita panya tu!

Walicheka tena, na mzee akacheka nao. Alikuwa anawapenda watu hawa, na kuwadanganya kulimkaa vibaya. Fundi Nyaya akatokea mlangoni safari hii, mwili mzima.

— Sikieni. Toleo la zamani mwisho wake leo. Nisipobadilisha, kesho hakuna anayechora hata choo. Mtaingia mmoja mmoja, kila mtu afungue skrini yake mbele yangu.

Mzee Penseli akainywa yote ile kahawa iliyopoa.

Pale pale akafika kazini yule mama mkadiriaji wa gharama, aliyeanza kazi juzi na bado hajapewa jina la utani. Akasogezewa nafasi, akamiminiwa kahawa iliyobaki, akasikiliza habari yote ya panya bila kucheka.

— Samahani, mimi mgeni, — akasema. — Hilo toleo jipya, nani kati yenu anajua kulitumia?

Bwana Paa akachungulia kikombe chake kitupu. Dada Ngazi akaanza kukwaruza ubao wa benchi kwa ukucha. Wote wakamgeukia Fundi Nyaya.

— Msinitazame mimi. Kazi yangu kuliweka. Kuchora sijui hata boksi.

— Mara ile, — Dada Ngazi akaanza polepole, — nilikuwa nawahi saa nzima kabla yenu, msinione ninavyobahatisha.

— Mimi mapaa ya mwezi mzima nilinakili ya zamani, — alisema Bwana Paa. — Nilibadilisha rangi tu.

Mzee Penseli akawatazama mmoja mmoja. Miaka yote hiyo aliamini aliyeachwa nyuma ni yeye peke yake.

— Aliyebaki ndani ni mimi, — akasema. — Sikufunga. Niliogopa.

Hakuna aliyecheka. Bwana Paa alifungua mdomo, Dada Ngazi akamkanyaga mguu.

— Haya, Mzee wangu, — akasema, akimshika mkono kumwinua. — Twende ukafunge, halafu tukapotee wote.

Mzee akaingia, na benchi zima likamfuata.