Dirisha la Viganja Viwili

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mkufunzi Mkuu wa uwanja wa shabaha anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu cha askari kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye karatasi za mshahara ana majina matatu marefu, lakini humu ndani hakuna anayeyatumia. Makuruta wanamwita Mwalimu Dirisha, mkuu wa chuo anamwita Mwalimu Dirisha, na mpishi wa bwalo akimpakulia humwita hivyo hivyo. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye mtunza ghala la silaha, na kila bastola aliyofundishia imepita mikononi mwangu ikitoka na ikirudi. Nimeambiwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila siahidi.

Alianza kazi akiwa askari wa lindo, getini. Mkufunzi wa shabaha wa wakati ule akaugua, na yeye akapelekwa uwanjani kushika nafasi kwa miezi mitatu tu. Miezi hiyo mitatu inaisha Ijumaa. Wanaoufahamu uwanja wetu wanajua kwamba si mahali pa kugombaniwa: uko nyuma kabisa ya chuo, baada ya dobi na gereji, umefichwa na tuta la udongo ili kelele zisimsumbue mtu. Huko kila mmoja ameziba masikio. Ukitaka kumsalimu mwenzako, subiri kwanza amalize risasi zake. Wakufunzi waliopangiwa kumsaidia walikuwa wakiomba uhamisho kabla hata buti hazijashika vumbi, naye hakumlaumu yeyote. Aliwaaga, akarudi kwenye mstari wake.

Sasa hilo jina. Mwalimu hakumruhusu kuruta yeyote kugusa bastola kabla ya kutoa dirisha. Unanyoosha mikono mbele, unapishanisha viganja mpaka kibaki kitundu kidogo kati ya vidole gumba, kisha, macho yote mawili yakiwa wazi, unatazama pua ya Mwalimu kupitia kitundu hicho. Yeye anasimama mbele yako, na ndani ya kitundu anaona jicho moja tu. Hilo ndilo jicho lako linaloongoza. Maana macho nayo yana mkubwa na mdogo kama watoto wa nyumba moja. Kwa watu wengi mkono wa kulia na jicho la kulia husikilizana, lakini wapo ambao mkono wao unatoka upande huu na jicho upande ule, na mtu anaweza kuzeeka asijue. Vyuo vingine huwaambia makuruta watazame balbu ukutani na kufumba jicho moja moja, kila mtu ajipime mwenyewe. Mwalimu aliikataa balbu katakata. Alisema balbu haiwezi kukutazama ikakwambia ukweli, na kuruta akijipima peke yake hujidanganya bila kukusudia. Basi kila asubuhi ya kozi mpya tulimsikia mpaka ghalani akipaza sauti: toa dirisha, wewe, dirisha si mlango!

Wakongwe mnakumbuka kisa cha yule kuruta wa kike mwembamba ambaye risasi zake zilikuwa zikihamia kushoto, nyingine zikiangukia kwenye karatasi ya jirani. Jirani mwenyewe, bila aibu, alijipongeza siku nzima kwa matundu mengi kuliko risasi alizopewa! Aliyeendesha kozi hiyo alikuwa mkufunzi wa muda, Mwalimu akiwa likizo, na alikwisha kumwandika binti yule kuwa mwoga wa bastola, wa kurudishwa nyumbani. Mwalimu alirudi siku moja kabla binti hajafungasha. Hakumpa bastola. Alisimama mbele yake, akamwambia atoe dirisha, akaona jicho la kushoto linamtazama. Mkono wa kulia, jicho la kushoto. Hakumbadilisha mkono, alimwambia tu ageuze uso kidogo na kuileta bastola mbele ya jicho lake. Leo binti huyo ni mkuu wa kituo, na ameahidi kuwa nasi Ijumaa. Yule jirani sijui yuko wapi, na nadhani ni heri.

Somo jingine lililomletea sifa, na lawama za jikoni, ni la mkono wa kushoto. Mkono wako wa kulia ukijeruhiwa, alisema, adui hatakusubiri upone. Aliuita mkono wa kushoto mtoto wa kambo: unaishi naye nyumba moja, lakini kila kizuri unampa mwenzake, halafu siku ya shida unataka akuokoe. Kwa hiyo wiki moja ya kila kozi ilikuwa wiki ya kushoto. Vifungo vya shati, mswaki, kijiko, kikombe cha chai, vyote kushoto. Mpishi alilalamika kwamba meza zinakunywa chai kuliko watu. Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema ukweli, niseme: mkono wa kushoto wa Mwalimu mwenyewe ulikuwa aibu tupu. Alijua kuufundisha, lakini kwake hausikii. Karatasi yake ya shabaha ya kushoto aliibandua mwenyewe mbio mbio, kabla hatujafika kuicheka.

Mkewe alikuwa mtu wa mashoto. Alikuwa fundi wa kushona nguo, na mkasi wake ulitengenezwa kwa ajili ya mkono wa kushoto, ukiushika kwa kulia unatafuna kitambaa badala ya kukata. Alifariki miaka sita iliyopita. Mtoto wao mmoja yuko mbali kikazi na anapiga simu Jumapili. Tuliomtembelea Mwalimu baada ya msiba tulikuta redio imewashwa sebuleni na nyingine imewashwa jikoni, kila moja na kituo chake. Tulicheka, naye akacheka. Baadaye aliniambia kwamba ukiwa na redio mbili, angalau zinaweza kubishana. Sikucheka tena.

Mwaka wa tatu baada ya hapo, jicho lake la kulia lilianza kuingia ukungu. Daktari alimwambia ni presha ya jicho, mshipa wa nyuma umekauka na haurudi. La kushoto lingesalimika kwa dawa ya matone. Jicho hilo la kulia ndilo lililokuwa likiongoza maisha yake yote. Na kanuni mnaijua: mkufunzi wa shabaha hupimwa kila mwaka mbele ya mkaguzi, na akishindwa anaondolewa uwanjani. Yeye angepelekwa masjala. Mkuu wa chuo, kwa nia njema, alimshauri aende tu bila kusubiri kipimo, kuna kivuli na kiti cha kuegemea.

Mwalimu alikuja dirishani kwangu ghalani na kuniambia kwa nini hawezi. Alisema masjala watu ni wema sana, wanaitikia salamu yako huku wakitazama faili. Nyumbani hakuna wa kumtazama. Uwanjani, angalau, kila kozi inapoanza watu thelathini wanasimama mmoja mmoja na kumtazama usoni, hata kama ni kwa sababu ya shabaha. Wakimwondolea hilo, alisema, hajui ni nani atakayejua kama yupo. 

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kumbukeni pia kwamba Mwalimu ana ile shingo yake, ngumu, isiyogeuka. Makuruta walisema akiitwa kwa nyuma, inazunguka nyumba nzima, yaani mwili wote. Kwa hiyo ule ujanja aliomfundisha binti yule, wa kugeuza uso kidogo, yeye mwenyewe hakuuweza. Ilibidi ahamishe kila kitu upande wa pili: jicho la kushoto na mkono wa kushoto, yule yule mtoto wa kambo. Umri wake ulikuwa zaidi ya hamsini na tano.

Niligundua jinsi anavyojifunza kwa kuviona viraka. Baada ya kila zoezi tunabandika vipande vya karatasi kwenye matundu ya shabaha ili itumike tena, na yeye ndiye aliyekuwa akivikata. Ghafla viraka vikaanza kuja vimepindapinda, kama vimeng'atwa na panya. Nikamuuliza kama siku hizi anakatia meno. Akaniambia anakatia mkasi wa mke wake, jioni, mezani, redio zikibishana. Mkasi ule haukubali mkono wa kulia, hivyo ulimlazimisha. Wiki baada ya wiki viraka vikanyooka. Sikumwambia kwamba nimeona. Nilivibandika tu.

Kila asubuhi, kabla ya makuruta kufika, alisimama nje ya ghala, akatoa dirisha, na mimi nikamwambia ni jicho lipi. La kulia. La kulia. La kulia tena. Jicho lile halikuona ila ukungu, lakini lilikataa kuachia kiti. Kila mara alinishukuru na kuchukua bastola yake kana kwamba nimempa habari njema. Asubuhi moja ya mvua niliona la kushoto linanichungulia, jekundu kwa usingizi mchache. Nilipiga kelele, dobi akatoka na sabuni mikononi akidhani kuna moto.

Lakini mazoea yana taabu. Mwalimu, aliyewafokea makuruta miaka yote wasifumbe jicho, alikuwa na kosa hilo hilo kwa siri: risasi ya mwisho ilipomkaza, alifumba la kushoto. Zamani halikumdhuru. Sasa alikuwa akilifumba jicho pekee linaloona. Siku moja mazoezini alisimama na bastola mbele yake, haendi harudi, mpaka nikadhani analenga kwa utulivu wa ajabu. Kumbe yumo gizani! Alipogundua, aliishusha bastola, akaiweka mezani kama inavyotakiwa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Tulipomaliza kucheka alikuwa analia.

Siku ya kipimo mkaguzi alikuja na tai yake na uso wa kufunga ofisi. Mwalimu alisogea mstarini na kuishika bastola kwa kushoto, na watu wakatazamana. Sehemu ya mikono miwili alipita. Mkono wa kushoto peke yake, mtoto wa kambo, ulifanya vizuri kuliko vyote. Ukabaki wa kulia, ambao sasa ndio ulikuwa mkono mgeni: jicho liko kushoto, mkono uko kulia, na shingo haigeuki. Alihamisha miguu, akageuza mwili mzima kama anayesogeza kabati. Risasi zikaenda, moja ndani, moja pembeni. Kabla ya ile ya mwisho akasimama muda mrefu bila kupiga. Nilikuwa upande wake na niliona: jicho la kushoto limefumbwa. Ni mwiko kumsemesha mtu aliye mstarini, tena masikio yameziba. Nilishika mshikio wa sanduku la risasi mpaka ukaniumiza kiganja. Halafu kope ile ikafunguka, taratibu, kama mtu anayefungua duka asubuhi. Akapiga. Alipita, alama mbili tu juu ya kiwango. Mkaguzi alimpa mkono wa kulia, Mwalimu akampa wa kushoto, wakahangaika kidogo hapo katikati.

Hiyo ndiyo iliyotupa miaka hii ya nyongeza pamoja naye. Katika miaka hiyo ameandaa wakufunzi wanne wa kuendeleza kazi, na hakuna kuruta aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya shabaha bila kwanza kutazamwa jicho. Hatukupata ajali hata moja uwanjani kwake. Kikombe cha mashindano ya vyuo kiko pale ofisini kwa mkuu. Chombo hicho kimeletwa na mtu mwenye jicho moja, mkikifuta vumbi mkumbuke.

Sasa, ndugu zangu, someni hapa vizuri. Nakala ya Mwalimu haina aya hii, nimeiondoa kwa mkono wangu. Ijumaa, mkuu wa chuo akimaliza hotuba na Mwalimu akasimama, msipige makofi. Simameni wote, wapishi, dobi, masjala, makuruta. Nyoosheni mikono, toeni dirisha, mumtazame. Msiseme neno. Mwacheni apite mstari kwa mstari kwa mwendo wake na kuyaona macho yetu, mwacheni achukue muda anaoutaka. Chakula kikipoa tutakila kimepoa.

Mwalimu Dirisha, chuo kinakushukuru. Ulitufundisha kushika bastola kwa mkono tulioudharau, na ulituonyesha jicho ambalo hatukujua kwamba ndilo linalotuongoza. Umri mrefu uwe wako, jicho lililobaki lisikuchoke, na redio zako zipatane. Uwanjani nitakukosa sana, sina namna nyingine ya kulisema. Nyumba uliyohamia baada ya kuacha ile ya chuo iko kwenye njia yangu ya kuja kazini. Nimepita hapo jana, nimeliona lango la kijani. Jumatatu asubuhi toka nje, utoe dirisha. Nitakuwa nimesimama upande wa pili wa lango, nikwambie ni jicho lipi.