Shangazi Aliyemfundisha Tarishi Kukumbuka

Ifikapo tarehe 30 Juni, Shangazi atatimiza miaka ishirini na mitatu katika ofisi yetu ya taarifa za dawa, na siku hiyohiyo atastaafu. Jina la Shangazi tulimpa wenyewe, kwa kuwa anatupenda na kutugombeza kwa kiwango kilekile.

Alianzia meza ya simu. Kila asubuhi aliyapigia maduka ya dawa kuuliza dawa gani adimu ipo, kisha akawaelekeza wagonjwa pa kwenda. Wauza dawa waliijua sauti yake, wengine wakijibu hata kabla hajauliza. Maduka yalipohamishia taarifa zao mtandaoni, wengi tulidhani atafungasha virago. Kumbe mwenzetu kajiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta, darasa moja na binti yake, na akamshinda kwenye mtihani. Binti hajasahau, maana mama hajamruhusu kusahau.

Kazi yake kubwa ni programu tunayoiita Tarishi. Kwa idhini ya wenye maduka, Tarishi hufungua kurasa zao kwa kivinjari, husubiri JavaScript, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya ukurasa, imalize kuichora orodha ya dawa, kisha hutuletea. Ila wote tunajua Shangazi na usafi. Ukiacha kikombe mezani hujamaliza chai, ukigeuka kimeshaoshwa. Tarishi naye alilelewa hivyo: akimaliza ukurasa mmoja, anafunga kivinjari, anafuta kila kitu, anafungua kingine kipya kabisa.

Hapo ndipo tulipoumbuka. Tovuti ya duka moja kubwa humtaka mgeni achague mji wake, kisha humpa kidakuzi, yaani alama ndogo ambayo kivinjari hukaa nayo ili tovuti imtambue kwenye kurasa zinazofuata. Tarishi alikuwa akikitupa pamoja na takataka. Kwenye kila ukurasa akahesabiwa mgeni, akapewa orodha ya makao makuu, nasi tukaamini ni ya mji aliouchagua. Kwa orodha hiyo tukamtuma dereva mmoja kwenye tawi la mjini kwake kufuata insulini ya mwanawe. Rafu ilikuwa tupu.

Alikuja ofisini amefura, na alikuwa na haki. Shangazi hakumsingizia mtu. Alimwambia kosa ni lake, akamvutia kiti, akarudi kwenye simu kuwatafuta wauza dawa aliowazoea, mpaka insulini ikapatikana kwenye duka dogo karibu na kwa dereva. Dereva alipoondoka, Shangazi alilia. Kisha akanawa uso, akaketi kwenye kompyuta.

Tangu hapo Tarishi hutumia kivinjari kimoja safari nzima, na vidakuzi hutunzwa hadi ziara ya kesho. Wala havitunzwi kwa pupa: tovuti ile huvitoa JavaScript ikishamaliza kazi yake, kwa hiyo sharti kusubiri. Na kabla ya kuamini orodha yoyote, Tarishi husoma jina la mji juu ya ukurasa. Likiwa silo, huandika "hatujui" na kutuita. Meneja alinung'unika kwamba neno hilo linatutia aibu. Shangazi akamwambia yuko radhi aaibike kila siku kuliko kumtuma mzazi mwingine kwenye rafu tupu. Neno likabaki.

Wiki iliyopita tovuti ile ilibadilisha vidakuzi vyake bila kuaga mtu. Tarishi akaandika "hatujui" kwa miji yote, simu zikaanza kuita. Tuliogopa, tusifichane. Baadhi yetu wakashika simu, wengine wakaingia kwenye programu, na kabla ya chakula cha mchana taarifa zilikuwa sahihi. Muda wote huo Shangazi alikuwa chumba cha pili akipanga vitu vyake kwenye boksi, mlango wazi, akisikia kila kitu. Hakuja. Tulipomuuliza baadaye, alisema hakusikia mtu akimwita.

Ahsante sana, Shangazi. Ukapumzike kwa raha, afya iwe tele, na siku zako zote ziwe njema. Wagonjwa wako tumewapokea.