Mama Telesia na Ijumaa Ambayo Simu Hazikulia

Ijumaa hii, tarehe thelathini Oktoba, saa kumi jioni, Mama Telesia Falaniko atavua beji yake na kustaafu, baada ya kuitumikia Kampuni ya Simu ya Lupe kwa miaka thelathini na sita na miezi minane. Uongozi umenipa ukurasa mmoja na nusu wa jarida hili nimwelezee. Niliposema hautoshi nikajibiwa, "Kolone, jitahidi." Basi najitahidi. Nimekaa dawati la pili, kulia kwake, miaka kumi na mmoja. Nitakayoyasema hapa niliyaona kwa macho yangu au nilisimuliwa na yeye mwenyewe tukiwa tunakunywa kakao ya saa nne.

Aliajiriwa Februari 1990, msichana wa miaka kumi na tisa, majuma mawili baada ya kimbunga kilichoangusha nguzo za simu nusu ya nchi. Alipangiwa swichibodi ya Apia pamoja na wasichana wengine sita. Siku hizo ukitaka kuongea na mtu wa kisiwa cha pili, Savai'i, ulimwomba opereta akuunganishe, na opereta akiwa Telesia, hukuhitaji kujua namba. Ulisema tu, "Naomba mchungaji wa Lalomalava," naye anachomeka waya bila kufungua daftari. Namba zote zilikuwa kichwani, pamoja na habari za nani anaumwa na nani kapata mjukuu. Yeye husema hakuwa akisikiliza mazungumzo ya watu. Tumeamua kumwamini.

Mitambo mipya ilipokuja, wenzake wakaondoka mmoja mmoja, wengine kuolewa, wengine Auckland. Yeye akahamia dawati la matengenezo, na mwaka 2006, simu za mkononi zilipoanza kuwa mali ya kila mtu, akawekwa dawati la kwanza la huduma kwa wateja. Hapo ndipo taifa zima lilipomfahamu. Tangu hapo amefundisha wafanyakazi zaidi ya arobaini, nami nikiwemo, na kanuni yake ya kwanza ni moja tu: mteja asiambiwe kwamba kosa ni lake, hata kama simu imetoka kwenye sufuria ya supu. Ilitoka kweli, mwaka 2016, na sikumbuki tumewahi kucheka hivyo.

Mwishoni mwa 2011, nchi yetu iliporuka upande wa pili wa mstari wa tarehe, tulilala Alhamisi tukaamka Jumamosi. Ijumaa haikuwepo kabisa. Bibi mmoja wa Vaimoso, aliyezaliwa tarehe thelathini Desemba, alipiga simu kufoka kwamba kampuni imemlia siku yake ya kuzaliwa. Mama Telesia hakumwambia kwamba kampuni haihusiki na kalenda. Alimwimbia wimbo wa kuzaliwa mwanzo hadi mwisho, foleni ikisubiri, kisha akamwambia, "Hongera bibi, mwaka huu hukuzeeka." Yule bibi alikuwa akipiga kila Desemba kumsalimu, mpaka alipofariki.

Sasa nije kwenye Machi mwaka huu. Nani amesahau? Watengenezaji walileta lile sasisho kubwa la mfumo wa simu, kubwa kuliko yote tuliyowahi kuyaona, na Jumanne asubuhi Mama Telesia alienda redioni kuwatoa watu wasiwasi. "Simu ikiuliza, mkubali," alisema. "Ni dakika ishirini tu. Msiogope." Nchi nzima ikakubali, maana ni yeye aliyesema.

Kufikia Jumatano mchana foleni ilitoka mlangoni ikafika kwa muuza nazi. Mama Telesia alikuwa na daftari la jalada jekundu ambamo aliandika malalamiko kwa maneno ya mteja mwenyewe, na kurasa za juma lile ninazo hapa. "Picha za wajukuu zimehama bila kuaga." "Herufi zimekuwa kama chawa." "Chaji inaisha kabla sijamaliza kusalimia." Mwimbishaji wa kwaya alikuja na hasira: nota zake zote sasa zilikuwa kwenye kapu fulani jipya ambalo simu yenyewe haikujua liliko. Wengine walifurahi, tusiwasahau. Mzee mmoja wa Moata'a alikuja kushukuru kwamba kwa mara ya kwanza tochi inawaka kwa kugusa mara moja, akataka kumpa mkono aliyeitengeneza. Tulimpa mkono kwa niaba.

Halafu akaja chifu mmoja mkubwa, jina nalihifadhi. Simu ilikuwa imesahau uso wake. "Imeniuliza mimi ni nani!" alinguruma. "Mimi! Mbele ya watu!" Mimi niliinama chini ya meza nikijifanya natafuta kalamu. Mama Telesia alisimama, akaifunika ile simu kwa kitambaa cha meza, kama kwa mila zetu mkosaji anavyofunikwa mkeka mbele ya nyumba ya aliyemkosea, akaiombea msamaha kwa lugha ya heshima, akimtaja chifu kwa cheo chake na cha babu zake, bila kukwama. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akainua kitambaa mwenyewe, akasema, "Imesamehewa," na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Jioni ya siku ile ile alikuja Mareta, mwanamke wa Lalomalava, mama wa watoto watatu. Jina lake lilikuwa limekaa miaka mitatu kwenye orodha ya wachuma matofaa wanaokwenda New Zealand, na sasa lilikuwa limefikiwa. Ndege ilikuwa Ijumaa saa tano asubuhi. Sheria ya msimu ule kila mtu anaijua: usipopanda, nafasi anapewa anayefuata, nawe unarudi mwisho wa orodha. Alikuwa amekuja mjini kuchukua karatasi zake, akapitia kwetu kwa sababu simu ilikuwa ikimsumbua na lile swali la kukubali.

Mama Telesia alimwekea sasisho yeye mwenyewe. Akamtegea na alamu: Ijumaa, saa kumi alfajiri, awahi meli ya kwanza kutoka Savai'i. "Lala usingizi wako, mwanangu," alimwambia. "Itakuamsha." Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu.

Kwa sababu ya foleni, Ijumaa hiyo peke yake tulitakiwa kufungua saa moja asubuhi badala ya saa mbili, na kila mmoja alitega alamu ya siku hiyo. Nilifika saa moja na dakika ishirini, shati nimelivaa ndani nje. Ukumbini alikuwepo mlinzi na Mama Telesia, basi. Wenzangu wengine watatu waliingia nyuma yangu wakihema.

"Mmelogwa?" aliuliza.

"Simu haikulia, mama," nikasema.

"Yangu pia."

"Na yangu!"

Yeye alikuwa amefika mapema kwa sababu huamshwa na saa ya kujaza ufunguo aliyoachiwa na mama yake. Akanyoosha mkono, nikampa simu. Akaitazama. "Mbona inasema Alhamisi?"

"Ah, hiyo ni siku ya Pago, mama. Naiwekaga pale kwa ajili ya dada yangu." Na ndivyo ilivyo, nani kati yetu hana ndugu Pago Pago, ng'ambo ya mstari wa tarehe, na nani hana saa ya Pago kwenye kioo ili asiwapigie wakiwa bado kwenye ibada ya Jumapili wakati sisi tuko Jumatatu?

"Haya. Na ya Apia iko wapi?"

Nikatafuta. Ilikuwepo, chini yake. Nayo ilisema Alhamisi.

Lile sasisho lilikuwa limeturudisha upande tuliouhama mwaka 2011, na kwa siku mbili nchi nzima ilikuwa ikiitazama jana kwenye simu bila kusema neno, kila mtu akidhani anaona siku ya ndugu zake. Malalamiko mia mbili kwenye daftari jekundu, na hilo halikuwemo hata moja!

Mama Telesia alikuwa ameshakaa chini. Uso wake sijawahi kuuona vile. "Mareta," alisema. "Yule mtoto nimemwambia alale."

Alimpigia. Haikuitikiwa. Akapiga tena mara nne. Baadaye tulijua kwamba sasisho hilo hilo lilikuwa limejifunza kunyamazisha namba ngeni. Meli ya kwanza ilikuwa imeshaondoka. Ya saa mbili ndiyo ilikuwa ya mwisho kumfaa, na saa ilikuwa moja na nusu kasoro dakika tano. Mimi nilishika kichwa. Nikasema tumwandikie ujumbe. Yeye akavuta ile simu ya mezani ya zamani ambayo kila mwaka tunataka kuitupa, akabonyeza namba bila kutazama popote.

Ilipokelewa nyumbani kwa mchungaji wa Lalomalava. "Nani mwenzangu asubuhi hii?" Ilikuwa sauti ya Bi Eseta, mke wa mchungaji, na inasikika mpaka nje ya mkono wa simu.

"Ni Telesia wa simu."

"Telesia! Weye bado hujastaafu tu?"

"Eseta, dada yangu, nisikilize kwanza, utanicheka baadaye. Mareta amelala. Simu nilimtegea mimi na imekosea siku. Ndege yake ni leo."

Tulisikia mkono wa simu ukigonga meza, mlango, kisha sauti ya Bi Eseta ikipaa: "Mareta weee! Mwamsheni Mareta! Ndege ni leo!" Sauti ya pili ikadaka, ya tatu, nyumba kwa nyumba kuelekea barabarani, kisha mtu akapuliza kombe la baharini, lile linalopulizwa kwa sala ya jioni tu, na injini ya pikapu ikawashwa. Sisi wanne tulisimama kuzunguka ile simu ya mezani Apia tukisikiliza kijiji kizima kikipiga kelele upande wa pili wa bahari. Ilivyokuja kujulikana, nyumba nzima ilikuwa imelala kama magogo. Walikuwa wamemuaga kwa nyimbo na chakula mpaka macho yakagoma.

Wakati huo Mama Telesia alikuwa ameshapiga simu bandari ya Salelologa, kule kule Savai'i, kwa simu yake ya mkononi. Dirisha la tiketi analisimamia Lupematasila, aliyekaa naye swichibodi mwaka 1990. "Lupematasila, abiria wako yuko njiani kwenye pikapu. Una dakika ngapi za kufungua kamba za meli polepole?"

Meli ya saa mbili iliondoka saa mbili na dakika sita. Sababu haikuandikwa popote. Mareta alipanda akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nywele hajachana, karatasi zake zimebanwa kwapani, na mama yake akilia na kucheka pale gatini. Saa nne kasoro alituma ujumbe kutoka uwanja wa ndege, neno moja tu: "Nimeingia." Mama Telesia alikwenda chooni, akakaa huko dakika kumi, nasi tukajifanya tuna kazi.

Saa sita mchana alirudi redioni. Hakutafuta wa kumsingizia. "Jumanne mimi ndiye niliyewaambia mkubali," alisema. "Nilikosea kutokagua kwanza. Leo ni Ijumaa. Nasema tena, ni Ijumaa. Shikeni simu, tuirekebishe pamoja." Akawaongoza hatua kwa hatua, polepole, kana kwamba amekaa na kila mmoja kwenye mkeka wake. Watengenezaji walitusahihishia baada ya siku tisa. Mama Telesia alitusahihishia kwa dakika kumi na mbili, na wazee bado hawajaruhusu simu zao zirudi kujipangia siku zenyewe.

Tangu siku ile, hapa ofisini sasisho lolote hujaribiwa kwanza kwenye simu tatu kabla ya kumshauri mteja. Utaratibu huo aliuandika yeye, na watengenezaji wameuomba. Hayo ndiyo mafanikio ambayo uongozi ulitaka niyataje, nami nimeyataja.

Lakini nataka mjue ya Jumatatu iliyopita. Saa tatu hivi aliingia mwanamke mwenye koti la baridi mkononi, akachukua namba arobaini na saba, akakaa kwenye benchi kati ya watu wenye vioo vilivyopasuka. Alisubiri saa nzima na nusu. Namba yake ilipoitwa akaja dawati la kwanza, na Mama Telesia, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, akauliza kama anavyouliza siku zote, "Imefanya nini tena, mwanangu?"

"Haijafanya kitu, mama," alisema Mareta. "Niliambiwa unaondoka. Nilikuletea tofaa, wakaninyang'anya pale uwanja wa ndege, eti matunda hayaingii nchini."

Mama Telesia alicheka. Halafu akalia waziwazi mbele ya foleni, mara ya kwanza katika miaka yote hii, na hakuna aliyekohoa wala kuuliza namba yake itaitwa lini.

Mama Telesia, nimeambiwa Jumatatu nihamie kwenye kiti chako, na nakiri hapa mbele ya wote kwamba naogopa. Asante kwa kutufundisha, kutufunika na kutusuta. Nenda nyumbani Falefā ukafaidi bustani, wajukuu na afya njema, na Mungu akuzidishie miaka ya kicheko. Na ukitukumbuka, usingoje simu iharibike. Njoo tu, uchukue namba.