Mama Ziba na Tone Lililosimama

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, Mama Ziba anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya metali. Jina lake la kuzaliwa limo kwenye mafaili tu. Sisi tunamjua kwa amri yake ya kila asubuhi: ziba!

Kazi yake ilikuwa kuyeyusha shaba tanuruni na kupima umbo la tone lake kwa kamera. Tone la metali safi hujikusanya likawa duara, kwa kuwa uso wake hujivuta kwa nguvu. Oksijeni ikipenya, hata chembe tu, mvutano ule hulegea, na tone hutepeta likatandaa.

Basi Mama aliyasaka matundu! Alipaka povu la sabuni kila kiungo cha bomba lililoingiza tanuruni gesi isiyo na oksijeni, akasubiri kiputo kimchongee mwizi. Hata alipokwenda kumwona bintiye aliyejifungua, alianza kwa kupaka povu mtungi wa gesi, ndipo akampakata mjukuu. Mumewe naye analalamika kwamba chupa ya chai akiifunga mkewe, haifunguki bila koleo.

Jambo moja tu lilimnyima raha. Alishikilia kwamba shaba safi kabisa ina mvutano mkubwa kuliko tunaoupima, na kwamba oksijeni ndiyo inayotuchezea. Wengine tulicheka, na vipimo vilipotofautiana tukailaumu kamera. Na tanuru lilipangiwa kuzimwa siku atakayoondoka, kwa hiyo muda wa kutuonyesha ulikuwa unamponyoka.

Jumanne iliyopita, jamani! Alibadilisha mpira wa mlango wa tanuru, akaichuja gesi upya, akayeyusha. Tone likasimama! Nono, linang'aa, limeinuka kuliko yote tuliyowahi kupima. Tulirukaruka kama watoto. Mkurugenzi akataka lipozwe upesi, liwekwe kabatini.

Mama akakataa katakata. Bila kulijaribu, alisema, ubishi hautakwisha. Akashika vali, ile ile aliyotukataza kuigusa miaka yote, akaingiza hewa kiduchu. Tone lisingelegea, angeadhirika mbele yetu sote. Tukakodoa macho kwenye kioo cha tanuru. Pole pole likashuka, likatandaa. Mama akapiga makofi, akacheka hadi machozi yakamtoka. Sisi wabishi tukanyoosha mikono, na mkurugenzi akaifuta amri ya kulizima tanuru pale pale.

Asante, Mama, kwa ukali wako na vicheko vyako. Tunakuombea maisha mema, afya na wajukuu tele. Nenda kaivute oksijeni hadi ushibe. Huku tutaizuia sisi.