Ufunguo wa Bomba la Ipogolo

Kamwene, ndugu zangu. Mchungaji amesema nisimame, nami nimesimama. 

Mnakumbuka bomba lilipoletwa hapa Ipogolo tulivyopiga vigelegele. Balozi wa nyumba kumi alinikabidhi mimi ufunguo wa kufuli, kwa kuwa nilikuwa mkali. Na kweli nilikuwa mkali! Nilifungua asubuhi, nikafunga. Nikafungua jioni, nikafunga. Mama aliyechelewa na ndoo yake nilimwambia, "Rudi jioni, bomba si la baba yako." Mnacheka? Nilimwambia hivyo hata jirani yangu mjane, yupo hapa. Nilidhani nalinda maji, kumbe nalinda ukubwa wangu.

Kisha tukapata msiba kwetu Kalenga. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, acha ufunguo." Nikamjibu, "Nikiuacha, nitarudi nikute koki imeng'olewa." Nikaondoka nao mfukoni. Nilipanga kurudi kesho yake, lakini mvua ilinyesha, barabara ikakatika, nikakaa siku nne. Kila siku niliupapasa ule ufunguo nikajisifu kwamba uko salama.

Ndugu zangu, nawaambia, huku nyuma watu walishuka mtoni. Mke wangu naye alishuka. Wangeweza kuvunja kufuli, ila waliogopa mali ya serikali, na waliniogopa mimi.

Niliporudi nilimkuta binti yetu wa mwisho amelegea, anatapika na kuharisha. Tukambeba hadi hospitali. Madaktari walihangaika naye. Mimi, mkali yule yule, nilikaa kwenye benchi sina la kufanya. Mtoto alikuwa anaomba maji, na ufunguo wa maji uko mfukoni mwangu. Akafia mikononi mwa mama yake.

Tulipomrudisha nyumbani, yule mjane alinijia akanyoosha mkono.

"Kaka, nipe ufunguo. Tupate maji ya kumwosha mtoto."

Nikampa. Nilisikia maji yakiingia kwenye ndoo, nikatamani ardhi inimeze.

Baada ya mazishi nikawa mtu wa ulanzi. Kutwa nimelewa, nikijua mtaa mzima unanichukia, na nikiona ni haki yao. Mpaka siku moja mjane akaja na ule ufunguo, umefungwa kamba.

"Sasa ufunguo unazunguka," akasema. "Kila nyumba wiki moja. Wiki hii ni zamu yenu."

Nikamwambia sistahili.

"Sijakuuliza kama unastahili. Watu wanataka maji."

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Kesho yake niliamka sijanywa, nikaenda kufungua bomba.

Nisiwadanganye, uchungu haujaisha. Lakini ulanzi nimeuacha. Asanteni mliotuletea ugali wakati sikustahili hata salamu, na ninyi mliotufundisha kuchemsha maji. Mke wangu, asante kwa lile neno ulilokuwa na haki ya kuniambia na hujaniambia mpaka leo. Nilichojifunza ni hiki: maji ya watu wote hayafai kukaa mfukoni mwa mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani.

Wiki hii ni zamu yetu tena. Ukihitaji maji, usihangaike kupiga hodi. Ufunguo uko nje, kwenye msumari kando ya mlango. Msumari nimeupigilia kwa chini, hata mtoto anaufikia.