Mzee Umande, Mtunza Nyasi Aliyetuacha Mashindano Yakiwa Mlangoni

Ndugu, jamaa na marafiki, Jumamosi iliyopita mtu huyu tunayemzika alikuwa juu ya paa la nyumba yake akiziba tundu, akipiga kelele tumrushie misumari. Leo tunasoma wasifu wake. Neno "marehemu" limechapwa kwenye karatasi mlizoshika, lakini midomoni mwetu bado halijakaa. Mtatuvumilia tukilikwepa.

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1969, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Uani hapakuwa na jani hata moja. Palikuwa na saruji, mapipa na kamba ya nguo. Mama yake, aliyeketi hapa mbele, husema alikuwa mtoto wa maji. Akikosekana, ulimfuata kwenye bomba linalovuja, ukamkuta ameliziba kwa kidole, anangoja mtu mzima apite.

Alianza shule ya msingi ya jirani mwaka 1976, akaendelea na sekondari ya kutwa hadi 1987. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Alijiunga na chuo cha ufundi, akatoka mwaka 1990 akiwa fundi bomba mwenye cheti, pamoja na mkoba wa spana alioazima kwa mjomba wake na hakuurudisha. Mjomba ameomba isomwe kwamba amemsamehe.

Mwaka 1992 aliitwa kwenye uwanja wa gofu kutengeneza bomba lililopasuka. Ilikuwa kazi ya siku moja, lakini hakutoka tena. Kutoka kwenye mabomba alihamia kwenye mashine za kukatia nyasi, na mwaka 2009 akawa mkuu wa watunza uwanja. Wenzake walimwita Mzee Umande, kwa kuwa kila asubuhi alitangulia kuufagia umande kwa fimbo ndefu, nyasi zikae sawa kabla ya kukatwa. Alikuwa mpole kwa watu, mkali kwa viatu. Ole wako ukanyage griini, ile sehemu ya nyasi fupi kama zulia inayozunguka shimo, ukiwa na soli za matope. "Wewe nyumbani unapanda kitandani na buti?" alikuwa akiuliza. Ukisema hapana, alikujibu, "Basi shuka kitandani kwangu."

Tarehe 5 Desemba 1998 alifunga ndoa na karani wa duka la dawa, aliyefahamiana naye alipokwenda kuzibua sinki la dukani. Sinki hilo liliziba mara nyingi sana mwaka ule, na bibi harusi hajawahi kueleza kwa nini. Katika picha ya harusi watu wote wanatazama kamera, ila bwana harusi anatazama chini, kwenye nyasi za bustani ya ukumbi. Bibi harusi alimnong'oneza, "Mume wangu, mke yuko huku." Naye akajibu, "Nakuona, mpenzi. Lakini hawa watu wanazikata fupi mno." Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mashindano ya wachezaji wa kulipwa yaliletwa kwenye uwanja wake. Aliyasubiri maisha yake yote ya kazi. Mezani alitueleza kwamba griini za wachezaji wa namna hiyo lazima ziwe ngumu, mpira uteleze kama juu ya kioo. Na ili ziwe hivyo, unazinyima nyasi maji mpaka zinafika ukingoni, kisha unazishikilia pale pale. Ukizidisha, zinakufa mbele ya watu. Ukiwahi kuzihurumia, mpira unazama kama kwenye matope, na miezi ya kazi imekwenda. Jumapili alifunga maji.

Hapa huandikwa habari za ugonjwa. Hakuugua. Tumeulizana ndugu wote, na hakuna aliyemsikia hata akikohoa. Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, alfajiri, alikaa ukingoni mwa kitanda kuvaa viatu. Mkewe alikuwa jikoni akichemsha maji ya chai. Alimwita, hakuitikiwa, akamwita tena, akaenda kumtazama. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni. Daktari alisema ni moyo. Tulimwomba atazame tena.

Kesho yake msaidizi wake, ambaye sote tunamwita Chepe, aliingia msibani na buti zake mkononi, akapiga magoti mbele ya mjane.

"Shemeji, samahani, najua si wakati wake. Alikwambia lolote kuhusu maji?"

"Aliniambia sabuni imekwisha."

"Griini zimebadilika rangi, shemeji. Ukikanyaga, unyayo unabaki. Mashindano yanaanza kesho. Nataka kufungua maji. Siwezi kutazama kitu kingine kikifa wiki hii."

Shangazi aligeuka. "Watu wanamlilia mtu, wewe unalilia nyasi?"

"Mwache, shangazi," mjane alisema. "Anamlilia huyohuyo."

Kisha akamuuliza Chepe, "Nyasi zikiwa na shida, unajua analala vipi?"

"Sijui, shemeji."

"Halali. Anakaa dirishani kama mlinzi. Jumatatu usiku alikoroma. Alikoroma mpaka nikampiga kiwiko, nikamwambia anyamaze. Nilimwambia anyamaze, Chepe. Usifungue."

Chepe hakufungua. Alhamisi wachezaji waliingia. Mmoja wao, mgeni asiyejua lolote juu yetu, aliinama akazigusa nyasi kwa kiganja, akamwambia mbeba mikoba wake neno, wote wawili wakatikisa vichwa. Chepe alikuwa kando na ufagio wake, akaanza kulia kabla hajajua kama wanasifu au wanalaumu. Kisha mpira ukapigwa, ukateleza, ukateleza, watu wakabana pumzi, ukaingia. Jioni alikuja tena nyumbani, akasema tu, "Zimeshika, shemeji." Mjane akamwambia akae ale.

Leo bado wanacheza. Wafanyakazi wenzake mnaowaona nyuma pale wamekata nyasi alfajiri, wakaja moja kwa moja, na baada ya mazishi watarudi.

Ameacha mama mzazi, mke, binti, mvulana, mkwe mmoja, mjukuu aliyeanza kutembea mwezi uliopita, dada wawili na mdogo wake wa kiume, wajomba, shangazi, na kundi zima la watunza uwanja ambao hawajui kesho wamsalimie nani. Kesho jioni, mashindano yakiisha, maji yatafunguliwa. Chepe amemwomba mjane aje afungue kwa mkono wake mwenyewe.

Hatukuwa tayari, kaka yetu hakutuaga, na hakuna tunayeweza kumuuliza. Mungu ampokee hivyo hivyo alivyokwenda, na apumzike kwa amani.